Bwana Nyuki na Korongo la Wakwe Zake

Bwana Nyuki alistaafu mara mbili. Mara ya kwanza serikali ilimstaafisha, kwa barua na kwa chai ya ofisini. Mara ya pili nyuki wenyewe walimstaafisha, mwaka ambao mizinga yake yote ilibaki mitupu, na safari hiyo hakuna aliyemwandikia barua. Nilimfahamu katikati ya kustaafu huko. Chumba nilichopanga kilitazamana na kibaraza chake hapa Nachingwea mjini, na kazi yangu ilikuwa kutafuta habari. Yeye alikuwa na habari tele na hakuwa na wa kumsimulia. Tumemzika mwaka jana.

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Watoto wa mtaani, padri, akina mama wauza mbaazi sokoni, wote walimwita Bwana Nyuki, kama ambavyo wengine huitwa Bwana Shamba na Bwana Afya. Mkewe peke yake alimwita "wewe".

Alikuwa mfupi, mkavu, na alifunga vifungo vya shati hadi shingoni hata mwezi wa kumi, jua la Nachingwea linapochemsha mabati. Hiyo ilikuwa desturi ya kazi: nyuki akipata mwanya wa shingoni, siku yako imekwisha. Alitembea polepole mno. Ukitoka naye sokoni nyanya zilikaribia kuiva mkononi. Ukimhimiza alijibu, "Nyuki humchoma mwenye haraka. Nenda taratibu atakuona mti."

Alikuwa na mambo yaliyopingana. Hakula asali, kwa sababu ya kisukari. Alimkemea mtoto aliyekanyaga mbawakawa, lakini mchwa wa nyumbani kwake aliwamwagia mafuta ya taa bila huruma, na nilipomuuliza akasema, "Hao wana kesi na mimi." Alikuwa bahili wa sukari ya chai kuliko mtu yeyote niliyemjua, ila asali aligawa kwa vikombe, kwa yeyote aliyepita na kikohozi. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, na padri alipofika kwenye uumbaji alitazama dirishani. "Sipingi," aliniambia. "Nashangaa tu kwamba Mungu hajamaliza. Watu wanasema siku sita. Mimi naona bado yuko kazini, na anaharibu vingi."

Kisa chake hakielezeki bila korongo moja lililoko upande wa Lionja, maana kila nilichokuja kujua juu yake kilirudi pale. Lilikuwa bonde jembamba lenye miti mirefu iliyoshikana juu, na chini mlikuwa na giza na unyevu hata Septemba, wakati nchi nzima ni vumbi na majivu. Halikuwa lake. Lilikuwa la ukoo wa mkewe. Kwa Wamwera ardhi hupita kwa mama. Mwanaume huoa akaingia kwa wakwe zake, akalima, akazaa, akazeeka, lakini mwenye kauli ni mjomba. Bwana Nyuki alikula matunda ya ardhi ile miaka yote ya ndoa yake bila kuwa na kauli hata juu ya kijiti kimoja.

*

Katika mfuko wa shati alibeba kipande cha sandarusi, utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ukubwa wa bibo bichi, rangi ya chai ya rangi. Ndani yake mlikuwa na nyuki mdogo, wale wasiouma ambao hujenga kwenye matundu ya miti na kuacha mlango kama mrija. Ukikielekeza kipande kwenye jua ulimwona mzima, mbawa zimekunjwa, na kwenye miguu ya nyuma tone dogo.

"Alikuja kuchukua utomvu wa kujengea nyumba," alisema kila mara alipomwonyesha mtu. "Utomvu ukamchukua yeye."

Kipande hicho alipewa na bibi mmoja wa upande wa Rondo, alipokuwa akizunguka huko na baiskeli ya serikali. Bibi alikichimba shambani, kama wazee wake walivyochimba zamani sandarusi ilipokuwa biashara. Kila mtu aliyekitazama alimwona nyuki. Bwana Nyuki alimwona pia, lakini kilichomnyima usingizi kilikuwa shamba. Alimuuliza bibi, "Mti wake uko wapi?" Bibi akacheka. Msandarusi haukuwepo. Pale palikuwa na nyasi, miyombo michache na mihogo. Utomvu ulikuwa ardhini, mti haukuwepo, na hata bibi wa bibi yake hakuukuta.

Kutokana na swali hilo alijifunza yote aliyoyajua. Alisoma vitabu alivyoazima misheni, akamwandikia kila aliyemdhania ana elimu. Alivyonieleza mimi ni hivi. Zamani, kabla ya watu kuwa watu, msitu wenye unyevu uliunganika kutoka pwani hii hadi Kongo. Dunia ikapoa. Maji mengi yakageuka barafu huko mbali, mvua ikapungua huku. Msitu ukachanika kama kanga iliyochakaa, yakabaki mapande mapande, moja kwenye mlima, jingine kwenye korongo, na kati ya mapande hayo yakaingia miti ya ukame, yenye magome manene yanayostahimili moto. Wadudu wakafuata miti yao. Kipepeo wa pande hili akasahauliana na kipepeo wa pande lile, hadi siku walipokutana tena hawakuweza kuzaa pamoja.

"Walihamia makorongoni?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Mti hauhami, mwandishi. Andika vizuri. Miti iliyokuwa nje ilikufa. Iliyokuwa makorongoni haikufa. Sisi tunaokuja baadaye ndio tunasema ilikimbilia."

Hakupenda mtu aseme kwamba mti ulijifunza au mdudu alijizoesha. Kila mwaka, kiangazi kikiwa kikali, miyombo ya njia ya Ruangwa huchipua majani mekundu wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua. Watu husema miyombo inanusa mvua. Yeye alikataa. "Hainusi kitu. Ilikuwepo iliyochipua mapema na iliyongoja mvua. Iliyongoja ilikuta majani yake yanaanza wakati wadudu wamekwisha zaliana. Ikaliwa, ikafa bila mbegu. Hii unayoiona ni watoto wa waliobahatisha." Akanigeukia. "Mimi na wewe pia. Hakuna ukoo wa wenye akili. Sote ni watoto wa waliobahatisha."

Aliyasema haya bila furaha. Watu wengine wakijua jambo huchangamka, yeye kila alichokijua kilimtia majonzi. Tukipita mashamba yaliyong'olewa miti kwa matrekta enzi za karanga za mkoloni, alinionyesha udongo ulivyogeuka kama sakafu. "Walikuja na vipimo vya kila kitu," alisema, "lakini walimuuliza nani?"

*

Alikuwa msemaji mbaya mbele ya watu. Kwenye harusi moja Ruangwa alipewa kipaza sauti atoe nasaha kwa maharusi. Akaanza na mkuyu. Akaeleza kwamba kila aina ya mkuyu ina nyigu wake mmoja, mdogo kama punje ya mtama, na kwamba nyigu jike huingia ndani ya tunda kwa mlango mwembamba hadi mbawa zinakatika, akataga humo, akafia humo, asitoke tena.

"Na ndoa," akasema, "ndiyo hiyo."

Shangazi wa bibi harusi alisimama na kanga zake zote. "Huyu mzee apewe pilau lake aende! Nani kamwita?"

"Mimi ni ndugu upande wa—"

"Nenda kawaambie nyuki wako! Mtoto ametoka kwao leo, wewe unamfisha ndani ya tunda!"

Ukumbi mzima ulicheka, na yeye alicheka pia, akarudisha kipaza sauti. Lakini njiani, tukisubiri gari pale Nanganga, aliniambia kipande alichonyimwa nafasi ya kukisema. Mkuyu na nyigu wake wamepita pamoja ukame wote na mvua zote. Mmoja akifa, mwingine naye hufa, ila kifo cha nyigu hakichelewi, cha mti huchelewa. "Mkuyu uliopoteza nyigu wake unaweza kusimama miaka na miaka una majani. Watu watapita watasema mti ule pale. Hauzai. Umeshakufa, bado kuanguka tu."

Mkewe alikuwa bado hai siku hiyo.

*

Kisa cha asali nilikisikia kwa watu wanne tofauti kabla ya kukisikia kwake, na wote walikisimulia wakicheka.

Alipofika Lionja kwa mara ya kwanza, kijana wa serikali mwenye buti jipya, alikatazwa kuingia korongoni. Ndani, mbele ya ile miti mirefu, palikuwa na mti wa matambiko, msolo, na chini ya msolo ukoo ule ulipeleka unga wa mtama kila mwaka kabla ya kulima. Mama na mjomba wa ukoo waliingia, wakaumwaga, wakasema maneno na wahenga wao, wakatoka kinyumenyume. Mtu mwingine hakuingia. Kuni hazikuokotwa humo. Shoka halikupita hata nje yake.

Kijana wa serikali alisema ujinga huo unazuia maendeleo. Korongo lina maua wakati kwingine kumekauka, kwa hiyo ndimo mizinga inamotakiwa kutundikwa. Akaingia mchana, watu wakimtazama kutoka mbali. Akakaa chini ya msolo, akafungua mihogo yake ya kuchemsha, akala. Kisha akapanda mti, akafukiza moshi, akatoka na ndoo imejaa masega. Akawaita watoto wakanyonya.

"Mmeona?" aliwaambia. "Mzimu wenu una asali! Hakuna kitu mule. Ni miti tu."

Hakupata ugonjwa. Hakupata ajali. Mwaka uliofuata akaoa binti wa ukoo uleule, na mvua ilikuwa nzuri. Taratibu watu wakaanza kuokota kuni pembezoni. Mama mkwe wake alikaa muda mrefu bila kumpa mkono.

Nilipomuuliza mwenyewe, hakucheka. "Nilikuwa na haki," alisema. "Mule hamna mzimu. Nilisema kweli." Sandarusi aliipata baadaye, na baada ya sandarusi ndipo siku moja, akikagua mizinga, aliinua macho korongoni akatambua kwamba ile miti mirefu haikuwa na ndugu hata mmoja nje ya lile bonde. Ilikuwa ya msitu ule wa zamani. Ilikuwa pande la kanga. Akakaa chini palepale alipokulia mihogo.

Mkewe aliendelea kupeleka unga pamoja na kaka yake kila mwaka. Bwana Nyuki alimsindikiza hadi ukingoni, akabaki nje na daftari lake. Alikuwa na daftari moja kwa kila mwaka, yote kwenye sanduku la bati: siku ya jani la kwanza la myombo, siku ya kundi la kwanza la nyuki kuhama, siku ya mvua ya kwanza. Mkewe alipotoka alikuwa akiandika.

"Umeandika nini?" mkewe alimtania.

"Nyuki wamechelewa siku tisa."

"Mimi nimeongea na wenyewe. Wewe ongea na karatasi."

Shemeji alikufa kwanza. Mkewe akafuata, kwa figo, akiwa amelazwa wiki nyingi. Bwana Nyuki aliniambia ombi la mwisho la mkewe siku moja tu, tena ghafla, tukiwa tunamenya karanga. Mkewe alimwambia, "Masika yakikaribia, peleka unga. Hakuna mwingine." Akamkubalia. Masika yakakaribia, na hakupeleka. Mwaka wa pili pia.

"Ningekutana na mtu njiani na bakuli," alisema. "Angeniuliza, Bwana Nyuki, unga wa nini? Ningejibu nini, mimi?"

*

Kauli juu ya korongo ilimwangukia mpwa wa marehemu shemeji, mtoto wa dada yake mkewe. Huyu si mtu mbaya, na naomba asomwe hivyo. Ni mkulima mwenye watoto wanne, mwenye heshima, anayekwenda msikitini na anayemwita Bwana Nyuki "baba mkubwa" kama ipasavyo. Mikorosho yake ya zamani ilizeeka na kushambuliwa na ugonjwa, mvua za karibuni zimekuwa za kuvizia, ufuta ulimwungulia miaka miwili mfululizo. Korongo lilikuwa udongo pekee wa ukoo uliobaki na unyevu. Aliitisha kikao cha ukoo na wazee wa kijiji, nje ya ofisi ya mtendaji, aseme kwamba atalifyeka.

Bwana Nyuki alivaa koti. Niliandamana naye kwa bodaboda hadi Lionja, mimi nyuma yake, na njia nzima mkono wake ulikuwa mfukoni.

Aliongea muda mrefu. Alieleza barafu, Kongo, kanga iliyochanika. Alisema ukame ule wa zamani ulipokwisha, msitu ulirudi kutoka kwenye makorongo kama lile, kwa hiyo lile ni ghala la mbegu, na mvua za sasa zinavyoyumba ghala ndilo la kulindwa. Kisha akatoa sandarusi, ikapita mkono kwa mkono. Watu waliiinua juani, wakainusa. Mmoja aliuliza kama ikichomwa inanukia. Mwingine aliuliza kama inauzwa.

"Mzee," mwenyekiti wa kijiji akasema, "huyu nyuki amekufa lini?"

"Hata mimi sijui hasa. Kabla ya Lionja kuwa na jina."

"Basi ameshakufa."

Wakacheka. Mpwa hakucheka. Alingoja, kisha akauliza kwa adabu, "Baba mkubwa, ukame huo ulichukua muda gani hadi msitu ukarudi?"

"Maelfu ya miaka."

"Mimi shule zinafunguliwa Januari."

Nilidhani Bwana Nyuki atasema habari za mkewe. Hakusema. Mzee mmoja, jirani wa ukoo, akaguna kutoka kwenye benchi. "Zamani pale tuliogopa," alisema. "Mimi hadi leo nikipita navua kofia. Hivi mule hamna wenyewe? Wakikasirika?"

Watu wakamgeukia Bwana Nyuki. Wote. Nimelifikiria lile tukio mara nyingi. Angeitikia kwa kichwa tu, kwa neno moja tu, na sidhani kama yupo ambaye angenyanyua shoka.

"Hamna," alisema. "Ni miti."

"Na wewe ndiye uliyetufundisha," mpwa alisema, kwa upole kabisa. "Siku ile ya asali, ndoo niliishika mimi."

*

Walifyeka kabla ya mvua, wakachoma. Bwana Nyuki hakwenda. Alikaa kibarazani akitazama upande wa Lionja, akisema anauona moshi, ambao kwa kweli haungeweza kuonekana kutoka mjini.

Siku ya tatu mpwa alifika na pikipiki, nyuma amefunga kipande cha gogo kwa mpira. Walipoangusha mti mkubwa kuliko yote waliona mrija wa nyuki wadogo. Akaamuru wakate juu na chini ya tundu, akaliziba kwa kitambaa, akalibeba mwendo wote ule bila kulitikisa.

"Baba mkubwa, nimekuletea wadudu wako."

Alishukuru. Walilitundika pamoja kwenye nguzo ya kibaraza, na mpwa akanywa chai, yenye sukari tele.

Nyuki wale waliishi, na aliwaandika kila siku. Ni nyuki wanaohitaji utomvu kujengea, na utomvu waliouzoea ulikuwa umeungua. Wiki ya pili aliniita nivuke barabara haraka, yeye ambaye hakuwahi kumwambia mtu haraka. Mrija wa mlango wao ulikuwa umegeuka rangi ya bluu. Duka la mbele yetu lilikuwa linapakwa rangi, nao walikuwa wakibeba rangi mbichi kwa miguu ya nyuma. Baadaye mrija ukawa na pete nyeusi, na tukagundua ni grisi ya fundi baiskeli. Watoto walikuja kuutazama wakishangilia. Bwana Nyuki alisimama, mkono mfukoni umeshika ile sandarusi.

"Wanabahatisha," alisema.

Mikorosho ilipochanua, dawa zikapigwa pande zote za mji kama kila mwaka. Nyuki walianza kuanguka sakafuni, kidogo kidogo. Alifagia kwa ufagio mdogo, akahesabu, akaandika. Siku moja akaandika sifuri. Mrija wa bluu ulibaki kwenye gogo hadi alipokufa.

*

Mara ya mwisho kutoka naye ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alibisha mlango wangu asubuhi, shati limefungwa hadi shingoni, mkononi bakuli lililofunikwa na kitambaa.

"Una kazi leo, mwandishi?"

"Ninayo, mzee."

"Iache."

Tulipanda bodaboda hadi Lionja. Korongo sikulitambua. Lilikuwa bonde la kawaida, limejaa visiki vyeusi na miche ya mikorosho iliyozungushiwa miiba, na jua lilifika hadi chini ambapo nadhani halikuwa limefika tangu enzi zile alizozisimulia. Msolo ulikuwa umekatwa pia. Kisiki chake kilikuwa na vichipukizi viwili vilivyonyauka.

Alipiga magoti kwa shida. Alifunua bakuli. Unga wa mtama, mweupe, umesagwa laini. Alikuwa ameushika mkononi tayari tuliposikia hatua. Ni mpwa, na chupa ya maji, alikuwa akinyeshea miche. Alitusalimu kabla hajaona, kisha akaona.

Alivua kofia. Tulikuwa watu watatu, hakuna kivuli.

"Baba mkubwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa, "siku ya kikao ungeleta huu badala ya lile jiwe, nani angeshika shoka? Mimi ningeshika?"

"Ningekuwa nawadanganya."

"Na leo?"

"Leo natimiza ahadi. Mama yako mkubwa aliniomba kabla hajafa."

Mpwa alifikiri. Kisha akaja akachuchumaa upande wa pili wa kisiki, akaweka chupa chini.

"Basi sema," alisema. "Mimi nitaitikia."

Mkono wa Bwana Nyuki uliokuwa na unga ulibaki hewani.

"Yale maneno," mpwa akaongeza, akidhani hakusikika. "Waliyokuwa wanasema mama na mjomba."

"Wewe huyajui?"

"Nitayajuaje? Mimi sikuwahi kuingizwa. Mimi ni mtoto wa ndoo. Lakini wewe ulikuwa unakaa pale ukingoni kila mwaka, na daftari. Tulikuwa tunakuona unaandika."

Mzee aligeuza shingo polepole akatazama mahali pale ukingoni, kama kwamba angejiona yuko bado amekaa. Ni kweli aliandika. Nimeyapitia madaftari yale yote baada ya mazishi, moja baada ya jingine, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu nilitumaini kuyakuta maneno yale. Jani la kwanza lipo. Nyuki wa kwanza yupo. Mvua ipo, saa na dakika. Kwenye kila mwaka ipo siku ya unga, na mbele ya siku hiyo pameandikwa hali ya upepo.

"Sikuwa nasikiliza," alisema.

Akafungua vidole, unga ukaangukia kisikini bila neno lolote, na mpwa, aliyekuwa ameahidi kuitikia, akabaki akimtazama mdomoni.